Luca Canali na wasaliti wetu



Kuna sinema ya Kitaliano ya mwaka 1972 inaitwa La mala ordina, ya mwongozaji Fernando Di Leo. Nasema mapema, si sinema ya kuangalia na wazazi sebuleni! Lakini kwa sisi wa Dodoma, ambao Kongwa na kambi zake za wapigania uhuru ni jirani tu, ina jambo ambalo riwaya zetu za upelelezi hazikuligusa.

Kisa ni hiki. Shehena ya unga imepotea kati ya Milano na New York. Bosi wa New York anawaita wauaji wawili wa kukodiwa na kuwapa jina moja: Luca Canali. Wamwue kwa kishindo, mji mzima upate habari. Kafanya nini? Hawaulizi. Wanapanda ndege.

Sasa huyo Canali ni kuwadi mdogo wa mtaani, mtu wa vicheko na shati lililofunguliwa vifungo. Mzigo ameuiba Don Vito Tressoldi, mkubwa wa genge la Milano, na ndiye huyo huyo aliyemtaja Canali. Jamaa anakimbia mji mzima huku hajui kosa lake! Mario Adorf kaicheza nafasi hiyo vizuri ajabu. Mkewe na binti yake wanagongwa na gari mbele ya macho yake, naye analifukuza, analidandia, anavunja kioo cha mbele kwa kichwa chake. Nimeona sinema nyingi za kufukuzana lakini hii inauma. Anayefukuza hapa si shujaa, ni baba aliyefiwa dakika chache zilizopita.

Mmoja wa wauaji ni Woody Strode, Mmarekani mweusi, mrefu, asiyesema sana. Mwaka 1968 Waitaliano hao hao walimpa nafasi ya kiongozi wa Kiafrika anayeteswa na kuuawa, mhusika aliyechorwa kwa mfano wa Patrice Lumumba, katika Seduto alla sua destra. Miaka minne baadaye ndiye anayetumwa kuua.

Mwaka 1974 kwetu ikatoka Kufa na Kupona ya Aristablus Elvis Musiba. Willy Gamba naye anatumwa: nyaraka za siri za Kamati ya Ukombozi ya OAU zimeibwa Dar es Salaam, naye anazifuata Nairobi. Nakipenda kitabu kile, na hofu iliyomo ilikuwa ya kweli. Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Ila kwa Musiba, Chifu akisema fulani ni adui, basi ni adui kweli. Willy anaua, tunashangilia, tunafungua ukurasa unaofuata.

Je, nje ya kitabu mambo yalikuwa hivyo?

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro, unakata Mbande kwenda Kongwa. Pale, baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kufa, kuanzia miaka ya 1960 walikaa wapiganaji wa FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU na MPLA. Samora Machel alipitia hapo akitoka mafunzoni Algeria. Mondlane alipouawa, uongozi wa FRELIMO walipewa watu watatu: Machel, Marcelino dos Santos na Uria Simango, aliyekuwa makamu wa Mondlane. Novemba 1969 Simango akaandika waraka akiwashutumu wenzake, na humo akazungumzia mauaji ndani ya chama. Wakamfukuza.

Simfanyi malaika. Mwaka 1974 alikuwa upande wa wapinzani wa FRELIMO, hilo linajulikana. Lakini mwaka 1975, Nachingwea, ardhi yetu hii hii, alisimamishwa mbele ya umati na kusomeshwa maungamo ya usaliti, Machel akiwepo. Baadaye aliuawa kimya kimya bila mahakama, na Celina, mkewe, naye akauawa. Wakati huo Msumbiji ilikuwa huru na Mreno kaondoka. Aliyemtaja kuwa msaliti ndiye aliyekuwa mshindani wake wa madaraka. Aliyefyatua risasi, nadhani, hakuuliza zaidi ya wale wawili wa New York.

Musiba asingeweza kuandika kisa cha namna hiyo mwaka 1974, na simlaumu, vita ilikuwa bado. Di Leo, aliyekuwa akitengeneza burudani ya majambazi tu, ndiye aliyetuonyesha muuaji anayetumwa na mwizi kumwua asiyeiba.

Daviz, mtoto wa Uria na Celina, alikuwa meya wa Beira tangu 2003 hadi alipofariki Februari 2021. Hakuwahi kuonyeshwa kaburi la baba yake wala la mama yake.