Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini katika ngoma zetu tunzo si mshahara. Noti anayobandikwa mchezaji kwenye paji la uso hailipi jasho lake. Inamwambia mbele ya watu kwamba ameonekana. Tofauti hiyo ndiyo iliyowasumbua kwa miaka mingi watu wa programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzichungulia ndani, kuzirekebisha na kuwagawia wenziwe. Aghalabu programu hizo hazina fedha za matangazo; huenezwa na wapiga debe wa kujitolea. Je, mpiga debe asiye na ujira atunzwe vipi?

Tuitazame Firefox, programu ya kusomea kurasa za intaneti. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka tarehe 9 Novemba 2004, wakati Internet Explorer ya kampuni ya Microsoft ilipokuwa imeushika karibu uwanja wote. Shirika la Mozilla, lililoitoa, lilikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei tu. Likawakusanya wapenzi wa programu hiyo. Kila aliyewavuta wengine kuichukua akahesabiwa pointi, na waliotangulia wakajulikana kwa wote.

Kisha wapenzi hao wakaombwa wachangie tangazo la gazeti. Katika siku 10 hivi zilipatikana dola za Marekani 250,000, na tarehe 16 Desemba 2004 gazeti la The New York Times likatoa kurasa mbili zenye majina ya wachangiaji wapatao 10,000, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Hebu fikiri, msomaji: watu hawa hawakulipwa, bali walilipa wao. Walichopata ni jina gazetini, nao walilitolea fedha kwa hiari yao.

Hata hivyo, jina lina mpaka wake. Mwaka 2005 Mozilla iliunda kampuni chini yake, na mapato ya mwaka huo yakapita dola milioni 50, sehemu kubwa ikitoka Google kwa ajili ya utafutaji uliofanywa kupitia Firefox. Hapo swali likageuka. Ni kweli kwamba hapakuwa na wanahisa wa kugawana faida, kwani kampuni ilikuwa mali ya shirika lisilo la biashara, na fedha ziliajiri mafundi. Lakini ngoma ya maskini na ngoma ya tajiri hazitunzwi sawa, na mpiga debe alikuwa na haki ya kuuliza jasho lake limo wapi.

Je, walipwe basi? Debian, mradi mwingine wa programu huria ulioanza mwaka 1993, una funzo. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wake walichangisha fedha, nje ya mradi wenyewe, ili kuwalipa wasimamizi wawili wa toleo lililotarajiwa Desemba. Manung'uniko yakazuka: kwa nini hawa walipwe, ilhali sisi sote twajitolea? Wengine wakalegeza mikono. Toleo lilitoka tarehe 8 Aprili 2007. Sidai kwamba fedha ndizo zilizolichelewesha. Nasema tu kwamba ziliwafanya watu wapimane, ambao hapo awali walikuwa wakisaidiana.

Mwaka 2011 Mozilla ilijaribu njia ya tatu. Wapiga debe waliokubaliwa walipewa cheo cha uwakilishi, fulana na vibandiko vya kugawa, na nafasi ya kuomba fedha za kuandaa mikutano katika miji yao. Fedha hizo hazikuwa za mfukoni. Zilikuwa za kazi. Kwa maoni yangu hii ndiyo iliyokaribia zaidi maana ya tunzo, kwa sababu anayekukabidhi fungu na kukuacha uamue amekiri kwamba shughuli ni yako pia.

Lililo gumu ni lile neno "kwao" katika methali. Mtu hutunzwa kwao, si kwa jirani. Shirika linalomwita mtu mwanajamii siku ya kupiga debe, kisha likamwona mgeni siku ya kupanga mambo, halitamridhisha kwa fulana wala kwa noti. Kwanza limpe mahali pa kupaita kwao.