UZI: Nani alipunguza udumavu Migori na Homa Bay?

Kila msimu wa kampeni huku kwetu nasikia hadithi mbili. Moja: ugatuzi ndio umewafanya watoto warefuke. Nyingine: zamani tulikula samaki na mtama, tukawa imara kuliko watoto wa siku hizi. Zote zina shida.

Tuanze na hiyo zamani. Utafiti wa kitaifa wa afya (KDHS) wa 2003 ulikuta kwamba Nyanza, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 206 walifariki kabla ya miaka 5. Mmoja kwa watano! Malaria, ukimwi, kuhara. Kwa hivyo ukisifu watoto wa enzi hizo, unasifu waliobaki.

Sasa udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi mno kwa umri wake. Kitaifa ulikuwa 35% mwaka 2008-09, ukashuka hadi 26% mwaka 2014, halafu 18% mwaka 2022.

Hapa ndipo watu hudanganyana. Kaunti zilianza 2013. Waliopimwa 2014 ni watoto wa chini ya miaka 5, wengi wao walizaliwa kabla kaunti hazijakuwepo. Ile 35 kwenda 26 mtu wa kaunti asijipigie kifua, bana. Kutoka 26 kwenda 18, sawa, hiyo tunaweza kujadili.

Nini kilibadilika mapema? Neti, chanjo, ARV. Na kitu ambacho hakina ribbon ya kukata: kunyonyesha bila kuchanganya na chochote kwa miezi 6. 2003 ilikuwa 13%, 2014 ikawa 61%. Nimekulia Rongo. Mtoto wa miezi miwili akilia, nyanya alikuwa anakoroga uji tu, kwa mapenzi kabisa. Wahudumu wa afya wa kijijini ndio waliingia boma kwa boma wakaongea na hao nyanya.

Tofauti ya majirani pia inanisumbua. Mwaka 2014 Migori ilikuwa karibu 26%, Homa Bay karibu 19%. Wengine watasema ni ziwa. Mimi nashuku pia shamba: kwetu miwa na tumbaku zimekula ardhi ya chakula, na pesa ya miwa huchelewa. Hayo ni maoni yangu, msinirushie mawe.

Na hata ziwa si dawa. Omena wa Mbita wengi wanapakiwa kwa magunia kwenda viwanda vya chakula cha kuku, na mama aliyewaanika ananunua kwa gorogoro kama mtu mwingine yeyote.