Chuo cha Mlimani na Hati za Wazee Wetu

Ndugu msomaji, ukisikia watu wa Dar es Salaam wanataja "Mlimani", aghalabu huwa wanakusudia Chuo Kikuu. Lakini hakikuzaliwa mlimani. Kilifunguliwa Oktoba 1961 mjini, katika jengo la TANU, chini ya Chuo Kikuu cha London, kikifundisha sheria tu, na wanafunzi hawakufika 20. Mwaka 1963 kikaunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. 1964 kikapanda mlimani. Na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo cha taifa.

Tangu hapo kimekuwa kama mgomba: huzaa machipukizi, nayo yakikua hujitenga. Kilimo cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Udaktari wa Muhimbili na elimu ya ardhi vikajitegemea 2007. Chang'ombe na Mkwawa ya Iringa, vilivyoingia 2005 kusomesha walimu, vingali mikononi mwa mama yao, na Unguja iko taasisi yake ya sayansi za bahari.

Hayo yajulikana. Nililokusudia hasa limo maktabani. Katika miaka ya 1960, Mwingereza mmoja, J.W.T. Allen, alizunguka pwani yetu akitafuta tenzi na barua za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Zilikuwa zimelala masandukuni mwa bibi zetu. Orodha ya alizozikusanya ilichapishwa 1970, na hati zenyewe zimo Mlimani hata leo. Tusione haya kusema kweli: mgeni alijua thamani yake kabla ya wengi wetu wenyewe. Mimi nimeliona kwa macho yangu sanduku la tenzi lililoliwa na mchwa, na wenye nyumba wakafagia vumbi lile wakalitupa jaani.

Sasa fikiri. Kijana anayefika Mlimani kusoma historia au fasihi, mara nyingi hawezi kuzisoma hati hizo, maana amefundishwa herufi za Kirumi tu. Na kijana wa chuoni kwetu, anayeweza kuzisoma herufi zile, mara nyingi hajui kwamba hati ziko huko, wala hajapata kuambiwa kuwa maktaba ile ni mali ya umma, naye ni katika umma.

Mzee mwenzangu, ukiwa na mwanafunzi wa namna hiyo, mwambie.