Wageni Walioasisi Parokia za Morogoro

Msafiri wa karne ya 19 aliyetoka pwani kwenda Unyamwezi, baada ya kuvuka Mto Kingani na kuipita nchi ya Wakwere na Wakami, alifika chini ya milima ya Uluguru akakuta jambo ambalo hakulitazamia huko bara: mji uliozungushiwa boma la mawe, wenye minara kwenye pembe zake na milango ya mbao ngumu iliyotiwa nakshi za Kiarabu, na Mto Ngerengere ukipita chini ya kuta zake. Huo ulikuwa mji wa Simbamwene, ambao Henry Stanley aliupitia mwaka 1871 akausifu. Mwasisi wake, Kisabengo, hakuwa mwenyeji wa nchi ile. Kwa habari alizozipata Stanley, alikuwa mtu aliyekimbia mkono wa Sultani wa Unguja, akajikusanyia watumwa watoro, akawanyang'anya Wakami ardhi iliyo bora, na alipofariki akamwachia binti yake utawala pamoja na jina la mji. Ninaanza na Kisabengo kwa kuwa taarikhi ya parokia za Kikatoliki za Morogoro aghalabu hufunguliwa kwa majina ya mapadre kutoka Ulaya, ilhali chini ya milima hii wageni waliotoka utumwani walikuwa wamekwisha kujenga mji kabla padre yeyote hajapiga hema, na wageni wengine waliotoka utumwani ndio waliokuja kuujenga ukristo.

Asili ya hawa wa pili ni Unguja. Mwaka 1860 Padre Fava alifika huko kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na mapadre wenzake na masista, na mwaka 1863 kazi ile ikakabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, chini ya Padre Anton Horner, mzaliwa wa Alsace. Watoto waliolelewa katika nyumba yao baadhi yao walinunuliwa sokoni, na wengine waliletwa na manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi ya watumwa baharini. Mmoja wao, msichana wa Kiyao aitwaye Suema, alifikishwa Unguja akiwa amedhoofika hata wakamdhania maiti, wakamviringisha mkekani na kumfukia kaburini pasipo kina. Kijana mmoja akasikia mguno, akamfukua, akampeleka kwa masista, nao wakamuuguza mpaka akapona. Kisa chake kilipigwa chapa Ufaransa mwaka 1870 na kuwatoa machozi wasomaji wengi, walakini mimi nakitaja kwa sababu nyingine: yafaa tujue kwamba tunaposema "familia za kwanza za Kikristo" tunasema juu ya watu wa namna hii, walionyang'anywa mama, ukoo na lugha kabla hawajabalehe, wala hawakuulizwa wapendako kwenda.

Mwaka 1868, kwa ruhusa ya Sayyid Majid, misheni ilivuka bahari ikaweka makao Bagamoyo. Vijana walipokua waliozeshwa, kila jozi ikapewa nyumba na kiwanja, kikatokea kijiji cha Wakristo waliofanya kazi siku kadhaa za juma katika mashamba ya misheni na siku nyingine katika mashamba yao wenyewe. Aprili 1872 tufani iliyovunja Unguja ilibomoa na majengo ya Bagamoyo. Na katika mwezi uo huo, Stanley alipokuwa akirudi pwani baada ya kuonana na Livingstone, alikuta Ngerengere imefurika na kuuchukua ukuta wa mbele wa Simbamwene pamoja na nyumba nyingi. Misheni ilijengwa upya. Mji wa Kisabengo haukurudia fahari yake.

Padre Horner alikuwa amekwisha kuifikia Ukami mwaka 1870, na nia yake ilikuwa dhahiri: Bagamoyo isiwe mwisho wa safari, bali ghala la kutolea mbegu. Kwa hiyo mwaka 1877 misheni ya kwanza ya bara ilifunguliwa Mhonda, katika milima ya Nguru, na pamoja na mapadre na mabruda zikaenda kaya za Wakristo kutoka Bagamoyo. Katika miaka ya 1880 utaratibu huo ulifuatwa tena Morogoro, chini ya Uluguru, na kisha Tununguo, mashariki ya milima.

Hebu tufikiri kazi yenyewe ilivyokuwa. Padre aliyetoka Ulaya hakujua majira ya mvua za nchi ile, hakuwa na mkono wa kufyeka msitu, na homa ilimlaza kitandani mara kwa mara. Waliokata miti, wakakandika nyumba, wakachimba mifereji, wakapanda migomba, mibuni na miti ya matunda, ni mume na mke waliokuja na jembe lao na rozari yao, na ambao kengele iliwaamsha kwa sala na kuwapeleka shambani. Kwa kuwa huyu alikuwa Myao, yule Mnyasa, na mwingine Mzaramo, hawakuwa na lugha ya kuwaunganisha ila Kiswahili walichojifunza Unguja na pwani, na kwa Kiswahili hicho walisali, wakagombana, wakapatana na kulea watoto. Mapema namna hiyo, kabla serikali yoyote haijakifanya lugha ya ofisi, Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani miguuni mwa Uluguru.

Lakini si haki kuwasifu bila kutaja dhiki yao. Mamlaka ya misheni juu yao yalikuwa makubwa: ndiyo iliyowaozesha, ndiyo iliyowagawia ardhi na kuwapangia kazi, na aliyechoka na hali hiyo hakuwa na ukoo wa kurudia. Wako waliotoroka, wengine wakaenda kujipatia riziki katika miji ya Waislamu au kwa majumbe wa jirani. Mapadre waliona utoro huo kuwa ni utovu wa shukrani. Mimi nauona kuwa ni uthibitisho kwamba aliyekombolewa alikuwa ameielewa maana ya kukombolewa.

Wenyeji nao waliwatazama kwa mbali. Kwa Waluguru, mtu ni mtu kwa lukolo lake, yaani ukoo anaourithi kwa mama, na ardhi ya mlimani iko mikononi mwa ukoo huo. Watu wa misheni hawakuwa na lukolo. Walikaa bondeni, waliishi kwa kengele, walimtegemea Mzungu. Mluguru wa juu angewezaje kutamani hali yao? Ndiyo sababu, kwa miaka mingi, kanisa la Morogoro lilikuwa kanisa la wageni, na fununu za mahubiri hazikupanda mbali mlimani.

Mabadiliko yalikuja Matombo, iliyofunguliwa mwaka 1897 katika Uluguru yenyewe. Biashara ya watumwa ilikuwa imebanwa, Wajerumani wametwaa nchi, na misheni haikuweza tena kutegemea kaya za wakombolewa. Ilibidi iwaendee wenyeji kwa shule na makatekista, kigango baada ya kigango, kufuata njia za miguu kutoka mgongo mmoja wa mlima hadi mwingine. Baadaye ikafuata Mgeta, upande wa magharibi. Njia hii ilizaa matunda mengi kuliko ile ya kwanza, ingawa nayo ilikuwa na mivutano yake, na mkubwa katika hiyo ulikuwa juu ya unyago: mwali wa Kiluguru alifichwa ndani muda mrefu kwa kufundwa na wanawake wa ukoo, na padre aliyemtaka shuleni na kanisani ilimpasa kushindana na bibi yake, ambaye katika nchi ya ukoo wa kike neno lake halikuwa dogo.

Mambo mengine yalikwenda upesi. Mwaka 1906 iliundwa Vikarieti ya Bagamoyo chini ya Askofu Vogt. Mwaka 1907 reli kutoka Dar es Salaam ikafika Morogoro, na uzito wa kazi ukahama taratibu kutoka pwani kwenda bara, hata mwaka 1953 vikarieti ile ilipofanywa jimbo, lilichukua jina la Morogoro. Mwaka 1966 Adriano Mkoba akawa askofu wake.

Na wale waasisi? Hesabu ya ukoo ndiyo iliyoamua hatima ya watoto wao, tena kwa namna ambayo wala mapadre wala Kisabengo hawakuipanga. Mwanamume mkombolewa aliyeoa binti wa Kiluguru alizaa watoto wenye lukolo kamili, wenye wajomba na haki ya ardhi, na katika vizazi viwili ugeni wa babu haukuwa tena na uzito mbele ya mtu. Mwanamke mkombolewa, hata kama mumewe alikuwa mwenyeji, hakuwa na lukolo la kuwarithisha wanawe. Hao waliendelea kuwa watu wa misheni, wakakaa karibu na kanisa, wakasoma, wakawa makatekista, walimu na mafundi. Kwa hiyo mtu anayetafuta leo nasaba ya wakombolewa huko Mhonda, Morogoro na Tununguo na afungue daftari za ubatizo, aanze na safu ya majina ya akina mama.