Mtazamaji Mwenye Rimoti: Uhakiki wa Filamu za Muziki Majumbani Bujumbura

Filamu inayohusu muziki hupimwa tofauti kulingana na mahali inapotazamwa. Ukumbini huonekana mara moja, gizani, na anayeihukumu baadaye hutegemea kumbukumbu. Nyumbani mtazamaji ana rimoti mkononi. Husimamisha, hurudisha nyuma, huzima sauti ili atazame mikono peke yake, kisha humwita mjomba aliyeko uani aje aseme kama mkono ule unaweza kutoa mlio ule. Ni rahisi kuyaita maneno yanayofuata soga za sebuleni. Mimi nashikilia kwamba ni uhakiki wa muziki, na mara nyingi ni mkali na makini kuliko ule unaoandikwa na mtu aliyeiona filamu mara moja. Bujumbura inatufaa kulionyesha jambo hili.

Mazoea ya kutazama majumbani katika mji huu hayakuletwa na starehe pekee. Televisheni ya taifa ilianza mwaka 1984. Kisha vikaja vita vya 1993, vikwazo vya kiuchumi vya nchi jirani kuanzia 1996 hadi mwanzoni mwa 1999, na amri ya kutotoka nje usiku iliyofutwa Aprili 2006 tu. Katika mji ambao kurudi nyumbani mapema lilikuwa suala la uhai, deki na kanda za video zilichukua nafasi ya klabu na ukumbi. Mitaa ya Buyenzi na Bwiza, inakosikika Kiswahili, Kirundi na Lingala ya nyimbo kwa pamoja, imekaa kati ya Uvira ya Kongo upande mmoja na njia ya ziwa kwenda Kigoma ya Tanzania upande mwingine. Kwa hiyo mtazamaji wake alizoea kusikiliza muziki wa pande zote mbili kabla hajauona.

Tuanze na Kongo. Mwaka 2000 mwimbaji Koffi Olomide na baada yake mwenzake Werrason walijaza ukumbi wa Bercy jijini Paris, na rekodi za maonyesho yale zikasambaa Afrika ya Kati na Mashariki kwa kanda na baadaye kwa diski. Mashabiki walibishana, kama kawaida yao, nani mkubwa. Lakini ndani ya ubishi huo lilikuwamo lalamiko la kiufundi: sebene, sehemu ya magitaa yaendayo kasi, linapopanda, atalaku, mwenye kuita na kuchangamsha, amekwisha kuita, mpiga gitaa la solo ndiyo kwanza anaingia kwenye mzunguko wake, na kamera inamwacha ikatafute viatu vya mwimbaji au nyuso za wageni mashuhuri. Anayetaka kujifunza gitaa hurudisha pale mara kumi na asipate vidole. Hayo si malalamiko ya mshabiki aliyekosa raha. Anasema kwamba mpiga picha hakujua, kwa dakika ile, muziki unatoka wapi. Wanachuo tunaoandika juu ya filamu hizi tumeshughulika sana na mavazi na majina ya wafadhili yanayotajwa ndani ya nyimbo, tukasahau swali hili la msingi kabisa.

Ngoma ya Burundi inalikuza swali hilo hadi mwisho wake. Kwa miaka mingi ulimwengu uliisikia bila kuiona. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi wapiga ngoma kwa ajili ya Ocora, lebo ya Ufaransa. Mwaka 1971 ikatoka Ulaya santuri iliyoitwa Burundi Black, ambamo sauti ya ngoma zile iliwekewa piano na gitaa. Mwaka 1975 Joni Mitchell aliitumia rekodi ya ngoma hizo katika wimbo wake The Jungle Line, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikundi vya Uingereza kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow vikajenga umaarufu juu ya mdundo wa namna hiyo. Ilipofika 1982, batimbo, yaani wapiga ngoma wenyewe, walipokwenda Uingereza kwenye tamasha la kwanza la WOMAD, wasikilizaji wengi walikuwa wamekwisha kuzoea sauti isiyo na watu. Sauti ikishakatwa kutoka kwenye mwili, yeyote anaweza kuibeba.

Filamu ingepaswa kuurudisha mwili huo. UNESCO ilipoiingiza sanaa hii katika orodha ya urithi mwaka 2014, iliitambua kuwa ni dansi ya ngoma ya kifalme, yenye mapigo, uchezaji, mashairi ya kishujaa na nyimbo kwa pamoja. Ngoma zisizopungua kumi na mbili hupangwa nusu duara kuizunguka ngoma ya katikati, inkiranya. Ngoma za amashakwe hushikilia mdundo usiobadilika. Ngoma za ibishikizo hufuata inkiranya. Wapigaji hupokezana katikati: mmoja hutoka kwenye nusu duara, hucheza, huruka, hupiga, na wenzake humtazama yeye. Maana yake ni kwamba ishara inayoongoza muziki huonekana kabla haijasikika. Kamera ikimwacha kiongozi katika nukta hiyo ili ionyeshe watalii wanaopiga makofi pale Gishora, karibu na Gitega, imeacha sehemu ya muziki wenyewe, kama mwandishi wa noti aliyeruka mstari.

Kosa la pili ni zito zaidi, na ni la chumba cha uhariri. Sauti ya pigo moja hutandazwa juu ya picha za pigo jingine ili filamu iende haraka. Kwa mwimbaji anayeonekana kwa mbali, huenda asigundue mtu. Kwa ngoma, fimbo mbili zikiwa hewani huku mlio ukisikika, mtoto wa miaka minane hugundua. Huko ndiko sebule inakoishinda safu ya kwanza ya ukumbi. Anayetazama mara moja hubaki na hisia kwamba kitu hakikukaa sawa. Mwenye rimoti hurudisha, husimamisha, na kukuonyesha fimbo.

Nitajibiwa kwamba kukata ni kazi ya filamu, na kwamba mwenye kutaka ngoma nzima aende uwanjani. Jibu hilo lina uzito, na silipuuzi. Filamu ya dakika 90 haiwezi kubeba onyesho lote pamoja na historia, mahojiano na safari. Lakini watazamaji ninaowazungumzia hawakatai kukata. Wanakataa kukata kunakofichwa. Wimbo ukisimamishwa waziwazi ili mzee azungumze, hakuna anayelalamika, ili mradi mzee ana la kusema. Wimbo ukijifanya unaendelea ilhali umeunganishwa kwa vipande vya siku mbili, mtazamaji amedanganywa kuhusu kile kile alichoalikwa akijue. Huo ni mpaka wa kimaadili, na umewekwa vizuri kuliko nilivyouona katika miongozo kadhaa ya utengenezaji wa filamu.

Pengine mtazamaji hudai kinyume: si wimbo zaidi bali watu zaidi. Benda Bilili! ya Renaud Barret na Florent de La Tullaye, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2010, inawafuata wanamuziki wa Kinshasa wenye ulemavu wa polio, wanaozunguka kwa baiskeli za magurudumu matatu, pamoja na kijana Roger Landu na ala yake ya uzi mmoja iliyotengenezwa kwa kopo. Filamu inakwenda kuelekea ushindi wa Ulaya. Kundi lenyewe liligawanyika mwaka 2013. Anayeitazama leo kwa simu yake anajua mwisho ambao filamu haikuujua, na anauliza fedha zilikwenda wapi na nani alisaini nini. Ni swali halali la kihistoria. Vivyo hivyo filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006 kuhusu Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar, As Old As My Tongue, humkuta mtazamaji wa Buyenzi akiwa na faida ambayo mhakiki wa London hana: anamsikia bibi moja kwa moja, pamoja na utani wake na mahali anaposita, bila kungoja maandishi chini ya skrini.

Nayapa maoni haya uzito kwa sababu ya lililotokea Oktoba 2017. Amri ya Rais Pierre Nkurunziza ilizuia wanawake kupiga ngoma, ikataka vikundi vijiandikishe serikalini, na ikaweka ada ya faranga 500,000 kwa maonyesho yasiyo rasmi. Tangu siku hiyo video za zamani zinazoonyesha wanawake wakiwa na fimbo mkononi zimepata hadhi ya ushahidi. Nyingi hazimo katika maktaba yoyote. Zimo kwenye diski zilizokwaruzika, kwenye flashi, kwenye kanda za harusi. Anayeweza kusema aliyepiga ni nani, wapi, mwaka gani, ni yule yule aliyeitwa kutoka uani. Asiposikilizwa sasa, picha itabaki na jina litapotea.

Burundi haikosi mahali pa kuanzia. Léonce Ngabo, mwanamuziki aliyeongoza Gito l'ingrat mwaka 1992, filamu ndefu ya kwanza ya kubuni ya nchi hii, alianzisha tamasha la filamu la FESTICAB mwaka 2009. Tamasha kama hilo lingeweza kutenga siku moja ya kurudisha nyuma: filamu ya ngoma ionyeshwe mbele ya wapigaji na familia zao, waruhusiwe kuisimamisha wapendapo, na wanayoyasema yarekodiwe na kuhifadhiwa pamoja na filamu. Mtengenezaji naye, anayekwenda Gishora na kamera mbili, aiache moja ikitazama nusu duara yote bila kukatwa, tangu kiongozi wa kwanza anapoingia hadi wa mwisho anapotoka. Filamu yake aihariri apendavyo. Pigo lile zima aliweke kwenye sehemu ya ziada ya diski au faili, likiwa na majina ya wapigaji wote, na nakala iende kwao kabla haijaenda Paris.