Khanga ya Bibi

Nilipokuwa kidato cha pili tuliandika insha ya methali. Mimi nikaandika usiku ule tulioletewa msiba wa baba mdogo: babu alitoka nje mbio, kajifunga khanga ya bibi. Mwalimu akaipigia khanga mstari mwekundu. Mzee mzima havai khanga, akasema. Sema alilia machozi ya damu. Nikafuta. Maksi nilipata, na tangu siku hiyo nikawa bingwa wa machozi ya damu.

Miaka ikapita, ndipo nikasoma habari za shule ya Yasnaya Polyana.

Ndugu msomaji, huko ni Urusi, kusini mwa Moscow. Mwaka 1859 Leo Tolstoy alifungua shule nyumbani kwake kwa ajili ya watoto wa wakulima. Wazazi wao walikuwa bado watwana wa mabwana wenye ardhi. Utwana ulifutwa mwaka 1861. Tolstoy alikuwa na jina tayari, ingawa Vita na Amani ilikuwa bado kuandikwa.

Kwanza aliwapa mada alizodhani ni rahisi: eleza mkate, eleza nyumba, eleza mti. Watoto karibu walie. Basi siku moja akawatolea methali, juu ya mtu anayekulisha kwa kijiko huku anakuchoma jicho kwa mpini wake. Sisi tungesema, fadhila yenye masimango. Watoto wakamjibu: andika mwenyewe! Akaanza. Wakamzunguka, wakamkosoa: hapana, si hivyo. Mwisho yeye akawa karani wao. Wavulana wawili, Semka na Fedka, walibaki naye hadi usiku.

Katika hadithi yao kuna mwanamume anayetoka nje kwa haraka. Fedka akasema amevaa koti la kike. Tolstoy akashangaa, kwa nini la kike? Kumbe mtoto alikwisha mwona mtu huyo: usiku, baridi, umaskini, mkono unashika nguo iliyo karibu. Neno moja tu, na nyumba nzima ikaonekana. Tolstoy hakulifuta. Mwaka 1862 akaandika makala katika jarida lake akiuliza nani ajifunze kuandika kwa nani: watoto wa wakulima kwetu, au sisi kwao?

Simlaumu mwalimu wangu, naye alifundishwa hivyo hivyo. Lakini huzuni haimo katika machozi ya damu. Imo katika kitu ambacho mtoto amekiona kwa macho yake, nasi tunakifuta kwa sababu hatukuwapo.

Siku hizi Jumamosi huwa nakaa na watoto wa mtaani kwetu, tunaandika. Juzi mmoja aliniuliza kama inaruhusiwa kuandika kwamba baba yake alirudi na kiatu kimoja.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Basi andika."

Usiku ule na mimi nikaifungua riwaya yangu, nikairudisha khanga ya bibi mahali pake.