Ngoma iliyovaa gwanda

Nje ya Afrika Mashariki, mtu akiwa na habari yoyote kuhusu vita vilivyopiganwa katika Ziwa Tanganyika, basi kwa kawaida ameipata kwenye sinema. Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester alichapisha riwaya The African Queen, na mwaka 1951 John Huston akaitolea filamu iliyotazamwa dunia nzima. Nyuma ya hadithi ile ipo meli ya kweli, ambayo wakazi wa Kigoma wanaifahamu kwa jina la Liemba. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakavisafirisha ndani ya maelfu ya masanduku mpaka Dar es Salaam na kutoka hapo kuelekea magharibi. Kigoma ndiko ilikounganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915, ikiitwa Graf von Götzen. Katika filamu, meli ya Wajerumani inazamishwa kwa ujasiri wa Wazungu wawili wapendanao. Ukweli ni kwamba Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yakikaribia, Wajerumani wenyewe waliitosa karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito ili siku moja iweze kuibuliwa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya.

Riwaya ina haki ya kubuni, na Forester hakuahidi kuandika historia. Kinachouma ni kwamba mwanzoni mwa filamu tunawaona Waafrika wakiimba kanisani, kijiji chao kinachomwa moto, watu wanaswagwa na kuondolewa, kisha hadithi inaendelea kana kwamba ziwa halina wenyewe. Vita vile vilisimama juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Meli mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, zilifika ziwani mwaka 1915 baada ya kuvutwa kupitia Katanga, upande wa Kongo, kwenye milima ambako barabara ilibidi ichongwe kwa mikono ya wenyeji. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Dar es Salaam imebaki na jina la Kariakoo, ambalo ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi likitamkwa Kiswahili. Basi swali langu ni hili: waliobeba mzigo ule waliijibu vita kwa sanaa gani? Naona kwamba jibu lao halikuwa kuchora mapigano wala kusifu washindi. Walichukua kile kile ambacho vita ilikitumia kuwaamrisha, wakakiweka mikononi mwao.

Mfano wa kwanza ni beni. Ngoma hii ilianzia pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, na jina lake limetokana na bendi za kijeshi. Wachezaji walivaa sare, wakapanga mistari, wakapiga kwata kwa madogori na matarumbeta, na kila chama kilikuwa na vyeo vyake kuanzia Kingi na Jenerali kushuka chini. Vyama vikubwa viliitwa Marini na Arinoti. Vita ya 1914 hadi 1918 ndiyo iliyoisambaza bara, kwa askari na wapagazi waliokuwa wakihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, hata ikavuka na kuingia Katanga. Watawala wa kikoloni walichanganyikiwa: wengine waliona uigaji wa kuchekesha, wengine wakashuku njama. Hata wasomi wa baadaye wamewahi kuiita kasumba. Kwamba ni uigaji, sibishi. Lakini tuangalie kinachoigwa. Mtu aliyepigwa kofi kambini kwa kukosea hatua, jioni ya sikukuu anaitoa amri ile ile yeye mwenyewe, mbele ya majirani zake, katika chama kinachomzika akifa na kumtunza akiugua. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alionyesha jinsi vyama hivi vilivyowapa wageni wa mijini heshima na msaada. Kwata ilitengenezwa ili ivunje hiari ya mtu, na watu hawa wakaijengea undugu.

Mfano wa pili uko ng'ambo ya ziwa. Katanga ya zamani ilifika hadi ufuko wa magharibi wa ziwa hili, na lugha yake ya mjini ni Kiswahili. Huko Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alitumia magunia ya unga yaliyopakwa rangi kusimulia historia yote ya nchi yake. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zaidi ya 100, akazieleza moja moja kwa Kiswahili. Picha kama hizi watu wa huko waliziita ukumbusho, yaani kitu kinachokulazimisha ukumbuke. Mojawapo ya zilizopendwa sana ilijulikana kama Colonie Belge: bendera ya Ubelgiji imesimama, mfungwa amelala kifudifudi, askari mweusi ameinua kiboko, Mzungu anatazama tu. Wafanyakazi wa mjini waliinunua kwa fedha zao wakaitundika sebuleni, juu ya makochi. Kwenye picha nyingine Tshibumba aliwachora waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, Lumumba, na wenzake Mpolo na Okito, waliouawa Katanga Januari 1961, wakiwa wamelala chini, na nyuma yao misalaba mitatu.

Kuna pingamizi zito hapa. Tshibumba alikosea miaka na matukio mahali fulani, na mteja wake mkubwa alikuwa msomi wa kigeni, hivyo huenda alichora alichodhani kinatakiwa. Makosa yapo, nayo yasahihishwe kama yanavyosahihishwa ya mwanahistoria yeyote, kwa maana yeye mwenyewe alijiita hivyo. Ila kiboko kwenye sebule ya mfanyakazi hakikuagizwa na profesa. Familia inayokula chakula cha jioni chini ya picha ile imeamua yenyewe kwamba watoto wake wataijua fimbo hiyo kwa sura.

Mfano wa tatu uko upande wetu wa ziwa, Tanzania: kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita vya Kivu, na mwaka 2015 ikawapokea Warundi waliokimbia machafuko kwao, kabla ya wengine kupelekwa kambi za Nduta na Mtendeli. Wapo wanaosema sanaa ni anasa kwa mtu anayepanga foleni ya mgao. Warundi hawakuiona hivyo. Wapigaji wao waliziendeleza ngoma zao kambini. Ngoma hiyo ilikuwa ya mfalme zamani, na UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014. Mti inaochongwa wanauita umuvugangoma. Wapigaji huingia wameibeba vichwani huku wakiendelea kuipiga, kisha hupanga nusu duara kuizunguka ngoma kuu. Oktoba 2017 serikali ya Bujumbura iliwakataza wanawake kuipiga, na kuanzia hapo kuicheza nje ya sherehe rasmi kukahitaji kibali na malipo. Kwenye vumbi la Kasulu hakukuwa na ofisi ya kulipia kibali hicho. Ngoma ya ikulu ilikuwa mikononi mwa watu ambao ikulu iliwakimbiza.

Na wengi wao walikuja na Liemba. Mei 2015 makumi ya maelfu walikuwa wamekwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, kipindupindu kimeshaanza kuua. Meli ilitia nanga mbali kidogo na ufuko, watu wakaipanda kutoka kwenye mitumbwi, mama akimkabidhi mtoto kwa mikono ya mtu asiyemjua aliyeinama ukingoni, kisha godoro, kisha sufuria. Meli ya kivita ya mwaka 1915 ikawaleta mpaka bandari ya Kigoma, palepale ilipounganishwa. Riwaya ya safari ile bado haijaandikwa.